Kwa nini mchoro wa penseli ambao sikuumaliza unawagusa watu kuliko ule niliouhangaikia wiki mbili?

penselibutu:

Wakuu habari zenu. Nina jambo linanisumbua karibu mwezi sasa na humu najua kuna wanaochora na kuna wanaopenda tu kuangalia michoro, wote naombeni mchango wenu.

Iko hivi. Jioni moja mama alikaa karibu na dirisha anashona kifungo cha shati, mimi nilikuwa na daftari langu na penseli ya 2B nikaanza kumchora bila kumwambia. Nilipata kama dakika sita hivi, simu yake ikaita akainuka akaondoka. Nilichobaki nacho ni kichwa kimeinama, mstari wa shingo na bega, mkono wa kulia uko juu unavuta uzi, mkono wa kushoto ni mistari mitatu tu, shati lenyewe halipo, kiti ni mstari mmoja wa mgongo wake, miguu haipo kabisa. Nikaona imeshaharibika nikafunga daftari.

Siku ya pili nikamwomba akae tena pale pale, nikampiga picha kwa simu, nikakaa na kazi ile wiki mbili nzima. Kila mkunjo wa nguo nimeuchora, pazia na maua yake, vivuli nimevilainisha kwa karatasi iliyosokotwa mpaka huoni mstari hata mmoja. Ni kazi safi na nimeifanya kwa moyo wote, vidole viko sawa, uso umefanana.

Sasa kila ninayemwonyesha yote miwili anausifia ule mkubwa, anasema aisee umekaa kama picha, halafu mkono wake unarudi kwenye daftari, anaushika ule wa dakika sita na ananyamaza. Imetokea kwa watu kama watano tofauti. Dada yangu ndiye aliyesema wazi, "ule mkubwa ni mama amepigwa picha, huu mdogo ni mama." Nikakosa la kujibu.

Mtu aliyenifundisha kuchora zamani alikuwa mkali sana kwenye hili, kazi ambayo haijaisha usimwonyeshe mtu, ni sawa na kumkaribisha mgeni nyumba haijafagiliwa. Nimeishi na hayo maneno miaka yote. Kwa hiyo swali langu, nini hasa kinatokea hapa? Ni bahati tu ya siku ile? Na kama sio bahati mtu anajuaje aishie wapi, maana mimi sikuacha kwa kupenda, niliachishwa na simu.

mkaa_na_karatasi:

Mkuu kwanza usiichane hiyo ya dakika sita, hata siku ukija kuiona chafu usiichane.

Nimepita hapo hapo ulipo kwa hiyo nitaandika kirefu mnisamehe. Wewe unadhani tofauti ya michoro yako ni kwamba mmoja umeisha na mwingine haujaisha. Mimi naona tofauti ilianza mapema zaidi, mmoja ulikuwa unamwangalia mama na mwingine ulikuwa unaangalia simu. Pale dirishani ulijua muda wowote anainuka, jicho lako likakimbilia lenyewe kwenye kilichokuvuta, shingo imeinama na mkono umeenda juu na uzi, na kushona kwenyewe ndiko huko, pazia halishoni. Hukupanga kuacha miguu, hukuwa na nafasi ya kuiwaza. Kamera haina habari na hayo, inachukua ua la pazia kwa bidii ile ile inayochukua kidole cha mama, na wewe ukalinakili hivyo hivyo, kila kitu kikapewa haki sawa, mtu akija kuangalia hajui aanzie wapi na kipi kilikuuma.

Afu kuna suala la mkono. Penseli haijui kuficha, ukikandamiza mstari unanenepa unakolea, ukilegeza unafifia, ukienda haraka unakuwa mwembamba na unarukaruka. Chukua daftari uangalie mstari wa lile bega kwa karibu. Naamini pale ulipoanzia shingoni umekolea, halafu ukishuka kwenda kwenye kiwiko unapungua pungua mpaka unapotea. Hapo ndipo ulipokuwa na uhakika na hapo ndipo ulipoanza kukimbizana na muda, na anayeangalia anaupita ule mstari kwa jicho lake kama anautembelea, anakaza ulipokaza analegea ulipolegea. Ukija na karatasi ya kusokota ukasugua, yote hayo umeyafuta kwa mkono wako mwenyewe, kimebaki kivuli laini ambacho hakina mtu aliyekichora.

Na kuna suala la karatasi yenyewe, hili watu hawalisemi sana. Karatasi ya kuchorea ukiipapasa ina vijinundu vidogo sana. Grafiti, yaani ule weusi wa penseli, inashika kwenye vijinundu, kwenye vijibonde panabaki peupe, na huo weupe ulio ndani ya mstari ndio unaoufanya upumue. Sasa wewe wiki mbili unaweka tabaka juu ya tabaka, unasugua, unafuta, unaweka tena, vijinundu vinalala, vijibonde vinajaa. Grafiti ni kaboni iliyojipanga kama kurasa nyembamba zinazoteleza zenyewe kwa zenyewe, ukiikandamiza sana kurasa zinalala zote upande mmoja na inaanza kung'aa. Peleka ule mchoro mkubwa karibu na taa uuinamishe kidogo. Ukiona sehemu za giza kabisa ndizo zinazong'aa kuliko sehemu za mwanga basi ujue karatasi ilishachoka siku nyingi na wewe ukaendelea kuitwisha.

Mtafute Adolph Menzel, Mjerumani, kaishi 1815 mpaka 1905. Yule alitembea na madaftari kwenye mifuko ya koti, anachora kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na uzeeni alipenda ile penseli pana ya seremala. Alichora kila kitu cha nyumbani na barabarani. Kuna mchoro wake mmoja wa miaka ya 1840, upo Berlin, kitanda ambacho hakijatandikwa, basi. Mito na shuka zimevurugika, kwa chaki nyeusi. Hakuna mtu lakini unajua kuna mtu kaondoka hapo muda si mrefu, nusu ya uzito wake bado iko kwenye godoro. Mimi nimeutazama ule mchoro mara nyingi kuliko picha yoyote ya mfalme.

Kuhusu uishie wapi, mimi nina njia moja. Nikijishika nimeangalia karatasi mara tatu mfululizo bila kuinua macho kumwangalia mtu, naweka penseli chini. Kuanzia hapo nakuwa napamba.

fundi_mistari:

Mkuu mkaa umesema mengi ya kweli, lile la karatasi kuchoka nakubaliana nalo mia kwa mia. Ila mimi nina wasiwasi na jinsi watu watakavyolisoma hili, maana kesho tutaanza kuona kila mtu anaacha nusu uso anasema ni hisia.

Mtazame Ingres, Mfaransa. Baada ya utawala wa Napoleon kuanguka mwaka 1815 alibaki Rome kazi za serikali zimekauka, akawa anaishi kwa kuchora wasafiri kwa penseli, Waingereza wengi tu. Ukiitazama ile michoro uso umefanyiwa kazi mpaka kope, nywele unaziona zilivyolala, halafu ukishuka kwenye koti ni mistari myembamba inayoteleza tu, na viatu wakati mwingine ni kama kavigusa na kupita. Hakuna mteja aliyerudi kudai koti lake. Kwa Ingres kazi ile ilikuwa imekwisha kabisa na akalipwa. Kwa hiyo mimi hata neno lenyewe "haijaisha" silipendi sana. Pale kuna mtu anayejua kuchora koti mpaka kifungo cha mwisho, akaamua koti lisimwibie uso.

Na hapo ndio swali langu kwa mkuu penselibutu. Ile dakika sita, mstari mmoja wa shingo na bega umekaa sawa bila kifutio, si ndiyo? Umeupata wapi? Umechora mabega mangapi mpaka mwisho kabla ya hilo? Mikunjo mingapi ya nguo? Yule aliyekufundisha na ukali wake mimi simlaumu, mkono unaojua kuishia ni mkono uliokwishamaliza mara nyingi. Mwanafunzi ambaye hajawahi kumaliza kiganja akiniachia kiganja ni mistari mitatu naiona mara moja, ile mistari haijui inaelekea wapi, inazunguka tu mahali ambapo kidole kingekuwepo. Ya mtu aliyekichora kiganja mara mia ni mitatu pia, lakini mmoja ni kifundo, mmoja ni kidole gumba na mmoja ni uzito wa nguo iliyoshikwa. Ukihesabu ni mitatu na mitatu, ukiangalia havifanani hata kidogo.

Kwa hiyo usizilaani zile wiki mbili. Zitakuja kukulipa siku nyingine ukiwa na dakika nne.

Na jambo la mwisho linaloniudhi kwa dhati, ni hii tabia ya kuacha kwa makusudi kwa mapambo. Upande wa kushoto wa uso umekamilika kama picha, upande wa kulia mistari imetawanyika vizuri kama manyoya, kila mchoro namna ile ile. Pale hakuna mtu aliyeinuka, hakuna simu iliyoita, hakuna chochote kilichomzuia, ameiga kovu bila jeraha. Mtazamaji anaweza asijue kwa nini lakini anapita tu, hasimami.

usiku_mrefu:

Mimi sichori hata nyumba ya mistari minne, ni mtazamaji tu, ila huu uzi umenigusa nikaona nichangie.

Marehemu baba yangu alikuwa anachora usiku sisi tukishalala, kazi yake ya mchana ilikuwa nyingine kabisa. Ameacha madaftari kumi na moja na humo ndani hakuna hata mchoro mmoja ambao ungeweza kusema umeisha. Kuna viatu mlangoni, kuna beseni limeinamishwa ukutani, kuna mgongo wa mama anasuka nywele za dada yangu, nywele zimechorwa zote ila sura ya dada ni duara tupu. Na kuna mmoja ni mimi nimelala, nilikuwa na miaka minne maana kaandika tarehe pembeni. Kinachoonekana ni sikio, nywele, na ukingo wa blanketi. Lakini kuna jambo sikulielewa miaka mingi, kichwa kina mistari miwili, mmoja umefifia unatazama ukutani na mwingine umekolea unatazama juu, yaani kama watoto wawili wamelala kwenye shingo moja. Nilidhani alikosea. Mpaka nilipopata mwanangu nikawa namwangalia usiku ndio nikaelewa, niligeuka. Nilikuwa nimelala upande ule nikageuka upande huu na baba hakufuta, akaendelea pale pale juu ya ule wa kwanza. Kwa hiyo nina karatasi ambayo ndani yake nageuka usingizini na baba yupo macho ananiangalia. Picha za kamera za umri ule ninazo, nyingi tu na nzuri, ila hakuna hata moja ninayomwona yeye ndani yake.

Sasa kwa kuwa nilitaka kuelewa hili jambo nikawa nasoma soma. Kuna Mrumi anaitwa Pliny, yule aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kitabu kikubwa sana cha mambo ya maumbile na sehemu ya 35 ni ya uchoraji. Humo anasema kazi za mwisho za wachoraji kadhaa, akiwemo Apelles, ambazo walikufa kabla ya kuzimaliza, watu walizipenda kuliko zilizokamilika, kwa kuwa humo mistari ya mwanzo bado inaonekana na ndani yake unaona fikra zenyewe za msanii. Na anaongeza kwamba huzuni ya ule mkono uliokatishwa kazini nayo inazidisha mapenzi. Niliposoma hapo nililia, siwafichi. Karibu miaka elfu mbili na mtu ameshayaona ninayoyaona kwenye daftari la baba.

Halafu kuna upande wa macho. Mwanasaikolojia mmoja Mwitaliano, Gaetano Kanizsa, mwaka 1955 alionyesha mchoro wa duara tatu nyeusi zilizokatwa kila moja kipande kama mtu kamega, ukiziangalia katikati unaona pembetatu nyeupe kabisa, na inaonekana nyeupe hata kuliko karatasi, ilhali hakuna aliyeichora. Jicho linajaza lenyewe na huwezi kulizuia hata ukishaambiwa. Nadhani ndivyo watu wanavyofanya na miguu ya mama yako mkuu penselibutu. Wanamkalisha wenyewe. Na nina imani kila mtu anamkalisha mama yake.

kijana_2B:

Dada usiku_mrefu pole kwa kumpoteza baba na asante kwa hiyo ya vichwa viwili, nimeisoma mara tatu.

Mimi naomba kuchomekea swali. Huwa nachora abiria kwenye basi, penseli fupi na kijidaftari cha kiganjani, mtu anasinzia, mtu anaangalia nje, mama kambeba mtoto. Wanashuka wakati wowote kwa hiyo zangu zote ni nusu. Juzi mzee mmoja alinikamata namchora, hakukasirika ila alijifunika uso kwa kofia na mimi nikajisikia mwizi. Je ni sawa kumchora mtu ambaye hajui? Maana ukimwomba anakaa mkao wa picha, ule mchoro umekwisha hapo hapo.

mkaa_na_karatasi:

Kijana hilo swali ni zito na nimefurahi umelileta. Henry Moore, mchongaji wa Uingereza, mwaka 1940 na 1941 London inapigwa mabomu watu walikuwa wanalala chini kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, yeye akawa anashuka usiku kuwaangalia. Michoro ile ni mashuhuri sana, watu wamelala safu kwa safu wamejifunika blanketi. Lakini hakukaa mbele yao na daftari kuwachora. Aliona sio haki kumchora mtu aliyenyang'anywa hata faragha ya kulala, akawa anaandika vidokezo vichache kwa siri, akirudi kwake ndio anachora kwa kumbukumbu.

Mimi nimejiwekea hivi, mtu akijua na akajifunika nafunga daftari hapo hapo na ukurasa ule siuendelezi. Kofia ya yule mzee ilikuwa jibu, hakuna haja ya kumwuliza tena. Kwa wale wasiojua, mara nyingi nachora mabega na migongo na mikono, uso nauacha. Na jaribu hilo la Moore, mwangalie mtu dakika moja bila penseli, ukishuka kwenye basi kaa mahali uchore kilichobaki kichwani. Utashangaa kinachobaki ni kidogo na ndicho chenyewe.

@fundi_mistari nakubali la mabega, nililiruka na sikutakiwa kuliruka. Ila sikubaliani kwamba ni elimu ya kumaliza peke yake. Watoto wadogo hawajamaliza mchoro wowote na kuna wakati mstari wao unanisimamisha kabisa.

fundi_mistari:

Mstari wa mtoto unakusimamisha kwa kuwa mtoto hajui kupamba, hilo nakupa. Lakini mtoto hawezi kurudia kesho.

Nikirudi kwa dada usiku_mrefu, hilo la kutokufuta ni jambo kubwa sana na tunalipita haraka. Kifutio ndicho kinachoua muda kwenye mchoro. Kuna mchoro mdogo wa Rembrandt, yule mchoraji wa zamani wa Uholanzi, ni wa wino sio penseli ila unaingia humu humu, upo London kwenye British Museum. Mtoto anafundishwa kutembea. Mama kamshika upande mmoja, msichana kamshika upande wa pili, baba kachuchumaa mbele kanyoosha mikono, na nyuma anapita mwanamke kabeba ndoo ya maziwa. Mistari michache mno, nyuso ni vidoti. Ila ile ndoo imejaa, unaona kwa jinsi mkono mwingine wa yule mwanamke unavyotafuta usawa. Mama anamshika mtoto kwa uhakika na yule msichana anashika kwa kusita, anamchungulia mtoto usoni kuona kama anaogopa. Mchoraji Mwingereza David Hockney aliwahi kusema hakuna mchoro bora kuliko huo na mimi siwezi kumpinga. Rembrandt angeuchora kwa wiki mbili, mtoto angekuwa amesimama tu.

Wino haufutiki, ukiweka umeweka. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawanyang'anya kifutio mwezi wa kwanza mzima, na wanalalamika kweli kweli. Mstari ukikosea weka mwingine pembeni yake. Acha yote miwili tuone ulivyokuwa unatafuta.

penselibutu:

Wakuu nimesoma kila neno na nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nifanye kwanza ndio niandike.

Nimeinamisha mchoro mkubwa kwenye taa. Ni kweli, nywele na sketi zinang'aa kama sufuria, pale ndipo nilipokandamiza penseli ya 6B, ile laini na nyeusi zaidi, siku nne mfululizo. Na mstari wa bega kwenye daftari ni kweli unafifia kwenda kwenye kiwiko, sikuwahi kuuona. Mkuu mkaa sijui umeuonaje bila kuuona.

@fundi_mistari, nimehesabu. Miaka miwili iliyopita nilijaza daftari zima la watu wamekaa, mpaka mwisho, viti na miguu na kila kitu. Ulichosema kimenipa amani maana nilishaanza kuona ile miaka kama nimeipoteza.

Ila kubwa ni hili. Nilikuwa sijawahi kumwonyesha mama mwenyewe ile ya daftari, niliona aibu, nilimwonyesha ile kubwa tu na akafurahi akasema "umenichora vizuri mwanangu." Juzi nikamfungulia daftari. Akavaa miwani akaangalia muda mrefu, akaweka kidole pale kwenye shingo. Akasema, "siku hii nilikuwa namuwaza kaka yako, alikuwa hajapiga simu wiki nzima." Akanyamaza tena. Afu akasema, "na ndio yeye aliyepiga."

Yaani ile simu iliyoniharibia mchoro ilikuwa ni kaka. Mimi nilikuwa najua mama anashona kifungo tu. Sijui nilichora nini, ila yeye alikiona kwenye shingo na mimi nilikuwa nimekiweka bila kukijua.

Swali moja dogo la kiufundi nimalizie, daftari limeanza kuchafuka, kurasa zinasuguana na mkono wa kushoto ule wa mistari mitatu umeanza kufifia. Naulindaje bila kuuharibu? Nimesikia kuna dawa ya kupuliza.

mkaa_na_karatasi:

Ipo, ni ya kushikiza penseli na mkaa, ila ijaribu kwanza kwenye karatasi nyingine yenye penseli ile ile, kuna zinazobadilisha rangi ya karatasi ikawa njano baadaye. Puliza kwa mbali, kidogo kidogo mara mbili, mahali penye hewa, usilowanishe. Mchoraji Van Gogh alikuwa anatumia maziwa yaliyochanganywa na maji kwenye michoro yake ya penseli, yanashikiza na yanapunguza ule mng'ao, lakini hilo usilijaribu kwenye mchoro wa mama. Kwa sasa weka karatasi laini isiyo na asidi juu ya ukurasa, funga daftari kwa utepe ili kurasa zisitembee, na usilibebe tena kwenye begi, nunua jingine la kutembea nalo.

Na ule mkono wa kushoto usije ukajaribiwa kuukolezea.

penselibutu:

Siugusi mkuu. Nimeweka karatasi na utepe usiku huu.

usiku_mrefu:

Andika tarehe nyuma, na uandike kwamba simu ilikuwa ya kaka yako. Baba aliandika tarehe tu, na hadi leo sijui kwa nini dada hakuchorwa sura.